Kaunta ya baa: ndimu, kreti na mapafu ya fundi

Na Mwandishi Wetu

Jumapili saa tatu asubuhi ndiyo saa ya kuikagua kaunta ya baa. Wateja wa jana wamelala, muziki umezimwa, viti virefu vimepinduliwa juu ya meza, na mhudumu wa usafi amekwishapitisha kitambaa. Mwanga wa mlangoni unaingia kwa ubavu na kila kovu linajitokeza.

Kwenye baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, makovu hayo ni ya mviringo. Ni pete za glasi zilizopauka juu ya marumaru nyeupe ambayo haijamaliza hata mwaka tangu ifungwe. Mhudumu anazisugua kwa sabuni, kisha kwa dawa ya vioo, wala haziondoki. Si uchafu. Pale jiwe lenyewe limeliwa.

Hatua chache pembeni, mbele ya friji, mahali kreti zinapopitishwa, mdomo wa kaunta umemeguka vipande vya ukubwa wa kucha. Kwenye kona ya sinki kuna ufa mwembamba uliojaa weusi wa maji machafu. Mwenye baa anafikiria kuing'oa yote na kuanza upya, na safari hii anataka kujua aweke nini.

Swali lake linaulizwa na wengi. Baa na launji zinafunguliwa kila kona ya mji, na anayefungua hutaka kaunta itakayopendeza kwenye picha za siku ya uzinduzi. Muuzaji wa mawe ana jibu lake, seremala ana lake, na mchomeleaji wa stenlesi ana lake. Kila mmoja anasema kweli kiasi.

Usiku mmoja juu ya kaunta

Hakuna samani ya baa inayofanya kazi kama kaunta. Meza hupumzika mteja akiondoka. Kaunta hupokea na kutoa tangu magharibi mpaka karibu na alfajiri.

Bia inatoka kwenye friji ikiwa baridi kali, inatoa jasho, na maji hayo yanatuama chini ya chupa. Ndimu inakatwa na maji yake yanatiririka. Kola inamwagika, divai nyekundu inamwagika, konyagi inamwagika. Sinia la kitimoto linatua likitokea jikoni moja kwa moja. Kreti inaburuzwa. Mteja anagonga funguo za gari kumwita mhudumu, na viwiko vinasugua ukingo uleule saa baada ya saa, vikiacha jasho na mafuta ya ngozi.

Halafu unakuja usafi, na usafi ndio unaoua kaunta nyingi kuliko ulevi. Jik inamwagwa juu ya stenlesi na kuachwa mpaka asubuhi. Steelwire inasuguliwa juu ya vanishi. Dawa ya choo yenye asidi inatumika kwenye marumaru kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Katika baa nyingi za mitaani, Dar es Salaam na hata Nairobi, kaunta imezungushiwa nondo na huduma hupita kwenye kidirisha. Huko kazi yote ya usiku inaangukia sehemu ndogo isiyozidi upana wa sinia, na kipande hicho huchakaa kabla ya kingine chochote. Dawa yake ni nyepesi: kipande kinene cha stenlesi kilichofungwa kwa skrubu, ambacho kikichoka kinafunguliwa na kubadilishwa asubuhi moja bila kugusa kaunta nzima.

Ndimu na chokaa havikai pamoja

Marumaru, kwa kemia yake, ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa na matumbawe. Asidi ya ndimu ikiigusa, inaila. Uso uliosuguliwa mpaka ukang'aa kama kioo unabaki na vishimo vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, na jicho linaviona vyote pamoja kama doa lililopauka. Hakuna sabuni ya kulitoa. Dawa yake ni fundi kurudi na mashine ya kusugulia.

Baa ni mahali pa ndimu. Mteja wa Nairobi anayeagiza kinywaji kiitwacho dawa, chenye vodka, asali na ndimu, anaweka asidi juu ya kaunta kila anapoinua glasi. Ukwaju na malimao hufanya kazi hiyohiyo, na kola nayo ina asidi yake.

Tena marumaru ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ina 3 hivi. Kioo kina kama 5 na nusu. Maana yake chupa ya bia ikiburuzwa na chembe ya mchanga chini yake, marumaru inachorwa. Graniti ina kati ya 6 na 7, na chupa haiiwezi.

> Chupa ya bia inaweza kuikwaruza marumaru. Graniti haiiwezi.

Oniksi ni ya ukoo huohuo. Ni jiwe linalopitisha mwanga, nalo likiwekewa taa kwa nyuma linawaka rangi ya asali. Launji za kifahari hulipenda, na uzuri wake haukanushiki. Lakini ni laini kama marumaru na asidi inalila vilevile. Mahali pake ni ubao wa mbele wa kaunta, ule unaotazamana na magoti ya mteja. Pale litawaka miaka mingi bila kuonana na ndimu.

Terazo na zege vina saruji, na saruji nayo haipendi asidi. Terazo za sakafu za majengo ya zamani ya mijini zimedumu kwa sababu miguu haidondoshi ndimu. Anayezitaka juu ya kaunta akubali kuzipaka kinga mara kwa mara na kuzisugua upya, tena apime sakafu yake kwanza: zege la unene wa sentimita 5 lina uzito wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba.

Hoja ya wauza graniti

Wauza mawe wana hoja nzito. Graniti halisi haina chokaa, hivyo ndimu haiifanyi kitu. Sinia la moto haliichomi, na pombe kali haiiyeyushi. Ile nyeusi inayopendwa sana na wenye baa mara nyingi si graniti kwa mwanajiolojia. Ni gabro au dolerite, miamba mingine migumu iliyotokana na uji wa volkano. Hutoka Mutoko nchini Zimbabwe, na kusini mwa India. Kwa mwenye baa tofauti hiyo haina madhara, mradi jiwe ni halisi.

Tatizo ni kwamba si kila jeusi ni jeusi. Kuna mawe ya kijivu yanayopakwa rangi kiwandani, na rangi hiyo huanza kutoka baada ya muda wa kufutwa na dawa. Kuna pia mawe ya chokaa yanayouzwa kwa jina la graniti.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha jiwe lilelile utakalonunua na ukae nacho usiku mmoja. Weka kipande cha ndimu juu yake mpaka asubuhi. Ukikuta pamepauka, ni chokaa. Futa kona nyingine kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka cheusi, umeuziwa rangi. Mwisho dondosha maji. Jiwe likigeuka rangi baada ya dakika chache, linanyonya, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya divai ya kwanza kumwagika. Muuzaji anayekataa kutoa kipande amekwishakupa jibu.

Uzito nao haudanganyi. Graniti ya milimita 30 ina kilo 80 hivi kwa kila mita ya mraba. Kaunta ya mita nne kwa sentimita 60 inakaribia kilo 200 kabla hujaweka chupa moja. Kabati la plaiwudi halibebi mzigo huo bila fremu ya chuma au ukuta wa tofali chini yake.

Na pale penye tundu la sinki ndipo graniti hupasukia. Fundi mwenye haraka hukata kona za tundu hilo zikiwa mraba, na kona ya mraba hukusanya nguvu zote za mtikisiko mahali pamoja. Fundi anayejua hutoboa kwanza matundu ya duara kwenye kona nne, ndipo akate kutoka tundu hadi tundu. Huo ufa wa Sinza, ingawa uko kwenye marumaru, una sura ya kona ya mraba.

Hoja ya Keko

Ukienda Keko, wilayani Temeke, mahali mafundi seremala wamejipanga bega kwa bega, utasikia wimbo mwingine. Graniti ni baridi, ni kelele, na inavunja glasi. Ubao hauvunji glasi, na kiwiko kinakaa juu yake kwa raha mpaka saa sita. Mteja anayekaa kwa raha huagiza tena.

Wako sahihi kuliko wanavyosikilizwa. Mninga husifiwa na maseremala kwa kutochezacheza: ukikaushwa vizuri haupindi wala kujikunja ovyo mvua zikianza. Mkongo ni mgumu zaidi na mzito zaidi. Mvule unastahimili maji na wadudu, ingawa ndani yake hujificha vipande vya chokaa ngumu kama jiwe vinavyovunja meno ya msumeno. Mtiki wa mashamba kama Longuza na Mtibwa una mafuta yake ya asili yanayoukinga na maji. Msindano wa Sao Hill ni mbao nzuri ya paa, lakini kwenye kaunta kitako cha chupa kinauachia alama siku ya kwanza.

Ubao una sifa moja ambayo jiwe halina: unarudi. Baada ya miaka kadhaa ya pete na mikwaruzo, fundi anapitisha randa na msasa, anapaka upya, na kaunta inaanza maisha ya pili.

Adui wa ubao wa baa ni mpako usiofaa. Polishi ya sheleki, ile inayoyeyushwa kwa spiriti na ambayo maseremala wengi huipenda kwa jinsi inavyotoa mng'ao wa ndani, haifai kabisa hapa. Kilichoyeyushwa kwa spiriti kitayeyushwa tena na spiriti, na konyagi ina asilimia 35 ya kileo. Glasi moja iliyomwagika inaacha ute, na kitambaa kinaondoka na polishi. Tumia vanishi ya poliyurethani, tabaka kadhaa nyembamba zilizopigwa msasa katikati, na usisahau kupaka upande wa chini. Ubao uliopakwa juu pekee hunyonya unyevu chini na kujikunja, hasa miji ya pwani.

> Kilichoyeyushwa kwa spiriti kitayeyushwa tena na spiriti.

Ipo pia mitindo ya kumwaga epoksi nene juu ya ubao, iking'aa kama maji ya kisima. Inapendeza, lakini sinia la moto huilainisha na kuiachia alama, na jua la dirishani huigeuza manjano. Ikichoka haipigwi randa. Inabanduliwa, na kuibandua ni adhabu.

Upo upande wa misitu, na haufai kupitwa. Mninga na mkongo ni miti ya msitu wa asili inayochukua miongo mingi kukomaa, na biashara yake ya magendo imekausha maeneo mengi ya nchi. Mnunuzi wa ubao mzuri aulize hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na aangalie alama ya nyundo kwenye mbao. Asiyetaka kuuliza anunue mtiki wa mashamba; kwa kaunta hatapoteza chochote.

Stenlesi, na hewa ya bahari

Upande wa mhudumu, pale panapokatwa ndimu na kuoshwa glasi, stenlesi haina mpinzani. Haina vinyweleo vya kuhifadhi vijidudu, haipasuki, na sinki linaunganishwa nayo bila mshono.

Ila ina madaraja. Ya kawaida kwa vyombo vya jikoni ni 304, yenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Kwa baa iliyo ufukweni, Nungwi au Diani, chumvi ya hewani hutia hata hiyo madoa ya kutu, na hapo inafaa 316, iliyoongezewa molibdeni. Sokoni kuna pia 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi ili kupunguza bei. Wengi hupima kwa sumaku, wakiamini isiyoshika ndiyo nzuri. Kipimo hicho hakiikamati 201, kwa sababu nayo haishiki sumaku. Dai daraja liandikwe kwenye risiti.

Na jik ikigusa stenlesi yoyote, isuuzwe kwa maji papo hapo. Klorini iliyoachwa usiku hutoboa vishimo ambavyo havizibiki.

Jiwe la kiwandani na gharama isiyo kwenye risiti

Kuna mgombea wa mwisho, na kwangu ndiye anayefanya suala hili lisiwe la urembo tu. Ni jiwe la kutengenezwa kiwandani, wengine huliita kwatzi: unga wa kwatzi ulioshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Halinyonyi maji, rangi yake ni moja ubao mzima, na ndimu hailiathiri. Katika chumba cha maonyesho linashinda karibu kila kitu.

Aina nyingi za jiwe hilo zimekuwa na silika kwa asilimia 90 au zaidi, ilhali graniti kwa kawaida haifiki nusu. Fundi akilikata kavukavu kwa grainda, hewa inajaa vumbi laini kuliko unga wa sembe, na vumbi hilo likifika ndani ya mapafu halitoki. Linaacha makovu yanayoendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo ni silikosisi, na hauna tiba.

Mwaka 2012 madaktari wa Israel walichapisha habari za wagonjwa 25 waliougua kutokana na kukata mawe ya namna hiyo. Australia, baada ya kugundua mamia ya vijana wa kazi hiyo wakiwa wagonjwa, ilikuwa nchi ya kwanza kulipiga marufuku, kuanzia Julai 1, 2024. Viwanda vilipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba kosa ni la vumbi, si la jiwe, na kwamba kukata kwa maji pamoja na kupunguza silika vingetosha. Mamlaka za Australia zilijibu kwamba sheria za vumbi zilikuwapo miaka yote na vijana waliugua zikiwapo.

> Vumbi hilo likifika ndani ya mapafu halitoki.

Kwetu ugonjwa wenyewe si mgeni. Madaktari wa Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, wamekuwa wakiwaona wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani wenye mapafu yaliyoharibiwa na silika, na mapafu hayo ni rahisi kushikwa na kifua kikuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya namna hii katika kundi la visababishi vya saratani tangu 1997.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Lakini fundi anayekata jiwe mbele ya baa, kando ya barabara, akiwa amejifunga leso puani, hulipwa kwa siku. Muuza jiwe anasema si mfanyakazi wake, na mwenye baa anasema vivyo hivyo. Leso haimkingi na vumbi hilo.

Kwa hiyo mimi nasema wazi: jiwe la kiwandani lisiwekwe kwenye baa zetu kwa sasa. Karakana nyingi hazina mashine za kulikata kwa usalama, na kila linachokifanya linaweza kufanywa na kitu kingine. Graniti nayo ina silika ya kutosha kuumiza, hivyo ikatwe karakanani kwa mashine yenye maji, ifike kwenye baa ikiwa tayari na tundu la sinki limekwishatobolewa. Kama kuna kona ya kurekebishwa papo hapo, diski ilowanishwe na fundi avae barakoa ya kiwango cha N95 au zaidi. Masharti hayo yaandikwe kwenye mkataba pamoja na bei.

Ngazi mbili

Baada ya kuwasikiliza wote, naona kosa la Sinza lilikuwa kutaka kitu kimoja kifanye kazi mbili. Upande wa mteja unahitaji joto, utulivu na uwezo wa kurekebishwa. Upande wa mhudumu unahitaji kustahimili maji, ndimu na visu.

Ijengwe ngazi mbili. Ya mteja iwe juu, sentimita 105 hadi 110 kutoka sakafuni, ubao wa mtiki au mninga wa unene wa sentimita 4, mdomo wake umeviringwa ili usimeguke wala kuumiza mkono. Uchomoze sentimita 25 hadi 30 ili magoti yapate nafasi, na viti viwe vya sentimita 75. Ya mhudumu iwe chini, sentimita 90, stenlesi kuanzia sinki mpaka friji, au graniti pale pasipo na sinki.

Ubao na jiwe visigandishwe pamoja kwa gundi ngumu. Mbao hupanuka mvua za masika na kunywea kiangazi, jiwe halifanyi hivyo, na kilichobanwa kitapasuka upande mmoja. Kati yake iachwe nafasi ya milimita chache ijazwe silikoni, na skrubu za kushikilia ubao zipite kwenye matundu marefu yanayouruhusu kusogea. Silikoni ikianza kuwa nyeusi, hukatwa kwa wembe na kuwekwa nyingine kabla baa haijafunguliwa mchana.